Magurudumu ya Lewis

Sitati hupuliza magari rangi mkabala na kibanda changu cha chai hapa Nakuru, na kwa miaka kumi na minane nimemsikia akitaja neno moja kuliko jina la mke wake: kesho. Si mvivu. Mkono wake ni mzuri, hata mimi ninayemgombeza kila asubuhi nakubali. Tatizo ni kwamba hajui kumkatalia mtu. Anapokea magari kumi, anashughulikia mawili, na wenye yale manane anawachekesha mpaka wanasahau kwamba walikuja na hasira.

Lewis alikuwa mmoja wa waliochekeshwa. Kijana ambaye kwao ni Dundori, dereva wa lori aliyepanga chumba kule Salgaa, na alikuwa amenunua gari lake la kwanza, dogo, la bluu. Mwezi wa pili alilileta magurudumu yapakwe rangi ya fedha. Siku hiyo Sitati alikuwa mbiombio. Hakuyafungua, hakuyapiga msasa, hata grisi hakuosha. Alipuliza rangi juu ya uchafu. Wiki mbili baadaye ilikuwa ikibambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Lewis akarudi. "Sasa mzee? Hii rangi imetoka yote."

"Pole sana, boss. Nitarudia vizuri. Kuja Saturday."

Jumamosi hiyo ikawa Jumamosi nyingine. Alikuja mara tano, akanywa chai kwangu, akacheka, akaondoka. Kufikia mwezi wa sita hakuja tena, nasi tukadhani amepata fundi mwingine.

Kisha Jumatatu moja gari lile la bluu likaingia, usukani ukiwa mikononi mwa mzee aliyevaa koti jeusi. Akasema yeye ni Muturi, babake Lewis. Lewis alikuwa amekufa kwa homa ya mapafu, na angezikwa Ijumaa.

"Nataka gari yake ifike nyumbani ikiwa safi," akasema. "Mwenye alipaka hizi wheels alikuwa anacheza."

Nilimtazama Sitati. Alipokea ufunguo.

Siku tatu hakugusa gari lingine. Alifungua magurudumu yote manne, akatoa matairi, akakwangua rangi yake mbaya mpaka chuma kikaonekana. Akaosha, akapiga msasa wa maji, akapuliza rangi ya chini, akangoja ikauke sawasawa ndipo akapuliza ya fedha. Wateja walipomjia aliwaambia hana nafasi. Chai niliyompelekea ilipoa hapo hapo.

Alhamisi mzee Muturi alikuja, akainama, akayapapasa magurudumu, akamshika Sitati mkono.

"Asante, fundi. Huyo wa kwanza sijui alikuwa mtu wa aina gani."

"Ni mimi, mzee," Sitati akasema. "Ile kazi mbaya ni yangu. Alikuja mara tano nikimwambia kesho."

Muturi aliketi kwenye benchi langu. Hakukasirika, na laiti angekasirika, kwa maana aliyoyasema yalikuwa mabaya zaidi.

"Mama yake alikuwa anampigia kila Sunday, anamuuliza utakuja lini. Yeye anasema, niko karibu kuja, mum, fundi anamaliza wheels, sitaki uone gari ikikaa hivyo. Hatukumwona tena tangu mwezi wa pili."

Sitati aliomba aende akamwambie mama huyo mwenyewe. Nilifunga kibanda tukaenda pamoja. Nilikuwa na uchungu naye, na nilimhurumia pia.

Mazishi yalipokwisha, alisimama mbele ya Mugure, mamake Lewis, akaungama yote, machozi yakimtoka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaliendea lile gari na kulizunguka polepole, akainama na kupangusa gurudumu moja kwa ncha ya leso yake.

"Ni mazuri," akasema. "Lakini mimi ningefurahi hata angekuja kwa miguu."