Fundi Pumzi na Bwana Aliyegonga Mbuzi

Ukitaka gari lako linyooshwe mpaka usahau lilibonyea wapi, mpelekee Fundi Pumzi. Mafundi wengine wote wanapaka puti, ule ujiuji wa kuzibia mabonyeo. Puti ni kama poda usoni mwa bibi harusi aliyetoka kulia: kwa mbali mrembo, mvua ikinyesha mnaachana. Pumzi hapaki. Anagonga bati taratibu kwa nje, na kwa ndani kuna mtu ameshikilia kipande cha chuma cha kupokea pigo, mpaka bati lirudi lilikotoka. Na huyo wa ndani si kibarua. Ni mwenye gari. Ndiyo sheria ya pale: uwe na tai, uwe na kitambi, unapiga magoti, unashika chuma. Hutaki? Nenda kwa watu wa puti, hakuna aliyekushika shati.

Hilo jina la Pumzi alipewa na fundi rangi, jirani yake pale gereji, mtu mwenye mdomo usio na breki. Kila wakikaa kumsema mtu, mwizi wa betri au askari mla rushwa, Pumzi lazima awaharibie utamu.

"Naye ana pumzi ya Mungu ndani yake," anasema. "Mungu alipompulizia binadamu hakupuliza moshi. Sisi tumetoka wazima. Hizi nyingine ni ajali za njiani."

"Na yule aliyeniibia kopo zima la rangi?"

"Anayo."

"Kwa hiyo yeye ana pumzi ya Mungu na ana rangi yangu. Mimi nina nini?"

Watu wanacheka, Pumzi anacheka nao. Lakini tuseme ukweli, kuamini ni rahisi sana kopo likiwa la mwenzako.

Ikaja zamu yake. Mama mkwe wake alikuwa anavuka barabara asubuhi, beseni la nguo kichwani, gari likampitia ubavuni. Bibi akaangukia mtaroni, mfupa wa paja ukavunjika. Gari halikusimama. Walioona walisema lilikuwa jeupe tu, na magari meupe ni mengi kama nzi buchani.

Na huyu hakuwa mama mkwe wa kukwepwa kwa kupitia uchochoro wa pili. Wakati ndugu wote wa mke wanasema binti yao kaolewa na grisi, bibi ndiye aliyesema, "Grisi inaoshwa. Roho chafu mnaoshea nini?" Pumzi angemnyooshea hata dunia.

Kesho yake asubuhi, mkewe alikuwa anafunga mashuka safi ya kupeleka hospitali.

"Baba watoto," alisema bila kumtazama, "huyu aliyemwacha mama mtaroni kama paka, naye ana pumzi ya Mungu?"

Mwanamume mwenye akili hapo angekohoa, akatafuta kofia yake. Pumzi akajibu, "Anayo, mama watoto."

Mkewe akakaza fundo mpaka kitambaa kikalia. "Sawa. Jioni ukija hospitali, hilo neno liache getini. Ukilitamka mbele ya kitanda cha mama yangu, mimi na wewe tutabaki kuamkiana tu."

Pumzi akaenda kazini neno limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hajavua hata koti, likaingia gari jeupe. Akashuka bwana mwembamba, shati kachomekea vizuri, macho mekundu. Pembe ya mbele ya gari ilikuwa imebonyea na taa imepasuka.

"Umegonga nini, kaka?"

"Mbuzi."

"Pole. Na mbuzi je?"

"Alikimbia."

"Avunje taa halafu akimbie?" Fundi rangi alidakia kutoka kwake. "Huyo mbuzi kasomea!"

Pumzi akachutama. Juu ya taa kulikuwa na mchirizi mwekundu. Akaukwangua kwa ukucha, ukanyanyuka utepe mwembamba, laini. Haikuwa rangi. Ilikuwa plastiki. Akaingiza kidole kwenye ufa wa taa, akatoa kipande cha ukingo wa beseni, chekundu, chenye maua meupe. Beseni hilo alilijua. Yeye ndiye aliyempelekea mama mkwe.

Alimpa yule bwana chuma. "Piga magoti. Pitisha mkono juu ya gurudumu, ushikize hapo nyuma."

Yule bwana akatii. Sasa vidole vyake vyote viko nyuma ya bati, na Pumzi ndiye mwenye nyundo. Kuna nyundo ndogo ya bati, ya kubembeleza. Pumzi akaiacha, akachukua ile kubwa.

"We Pumzi," fundi rangi aliita, "hiyo si ya kuvunjia ukuta?"

Pumzi alisimama, nyundo begani, masikio yanamvuma. Akaitafuta pumzi ya Mungu kwa yule bwana, akaona shingo na jasho. Akaitafuta kwake mwenyewe, akakuta nyundo tu. Pigo moja, nani angejua? Nyundo huteleza. Kazini watu huumia kila siku, wanapewa pole na chai.

Yule bwana akageuza uso. "Nimeshika vizuri, fundi?" aliuliza, kama mtoto anayeonyesha daftari lake.

Nyundo ikashuka. Haikushuka kwenye bati, ilishuka chini kwenye mchanga, polepole.

"Kaka," Pumzi alisema, na sauti haikuwa yake, "mbuzi wako alibeba beseni."

Chuma kikadondoka.

"Ni mama mkwe wangu. Hajafa. Paja limevunjika, yuko hospitali hapo juu."

Yule bwana akavuta mkono, akasimama. Halafu akatoka mbio. Aliacha gari, aliacha funguo, akaruka tairi bovu getini kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

"Mkamate!" fundi rangi alipiga kelele. "Pumzi! Unamwangalia tu? Haya, pumzi ya Mungu hiyo inakata kona!"

Pumzi hakusogea. Waliokuwepo walidhani ni imani. Imani gani? Alikuwa ameikanyaga ile nyundo, asije akaiokota tena. Na wale waliokuwa wanacheka kila siku, siku hiyo hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jioni akapanda hospitali. Fundi rangi alikuwa ameshapiga simu, kwa hiyo mkewe alimngoja mlangoni mwa wodi, mikono kiunoni.

"Ulikuwa naye mkononi."

"Nilikuwa naye."

"Na kakimbia."

"Kakimbia."

"Basi liseme lile neno lako. Mimi ndiye niliyekukataza, na mimi ndiye ninayekuruhusu. Liseme nilisikie leo."

Pumzi akafungua mdomo. Neno halikuja. Miaka yote hiyo lilikuwa linamtoka kama kikohozi, leo analitafuta halipo. Mkewe akamtazama, na hasira yake ikayumba kidogo, maana hakuwahi kumwona mumewe akiwa mtupu namna ile.

Ndipo wakasikia nesi anagomba huko ndani. "Wewe baba, si nimekutoa mara mbili? Unarudije?"

Wakachungulia. Kando ya kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, yule bwana mwembamba alikuwa amepiga magoti, machozi yanamtiririka, ameshika mkono wa bibi mmoja aliyefungwa mguu. Ila hakuwa mama mkwe. Huyu alikuwa bibi mwingine, kiziwi, aliyevunjika mguu kwa kuteleza bafuni kwake. Yule bwana aliulizia bibi wa mguu uliovunjika, akaelekezwa wodini, na mabibi wa miguu iliyovunjika walikuwa wamejaa. Akamwendea wa kwanza aliyemtabasamia.

"Nimekusamehe, mwanangu, nimekusamehe!" bibi kiziwi alikuwa anapaza sauti. "Kwani umefanya nini?"

Mke wa Pumzi akacheka. Hakutaka. Kicheko kilimponyoka, akakiziba kwa upande wa nguo, na chini ya kile kitambaa kicheko kikageuka kilio.

Pumzi akaenda, akamgusa yule bwana begani. "Kaka, siye huyu. Ni yule pale."

Yule bwana alipomwona fundi akanywea. Lakini safari hii hakukimbia. Akapita katikati ya vitanda, mpaka alipolala mama mkwe, ambaye alikuwa anatazama sinema yote hiyo tangu mwanzo.

"Wewe ndiye?"

"Ni mimi, mama."

"Mbona hukusimama?"

"Niliogopa. Nilifika mbele nikageuza, nikakuta watu wamejaa. Nikaogopa zaidi."

"Na leo?"

"Leo pia naogopa."

Bibi akamkagua kuanzia juu hadi chini. "Mimi si kama mwenzangu wa kule, mimi nasikia vizuri. Sikusamehe leo. Leo paja linauma. Lakini nina kiu. Nishikie hicho kikombe."

Akashika. Mikono ilitetemeka mpaka maji yakamwagika kidevuni mwa bibi. Mke wa Pumzi akasogea, na kila mtu alijua anakwenda kumpokonya. Hakumpokonya. Alimshika kifundo cha mkono, akakituliza, bibi akanywa.

Baadaye wakakaa mume na mke kwenye benchi la ukumbini.

"Sasa jisifu," mkewe alisema. "Najua linakuwasha."

"Nilichukua nyundo kubwa," alisema Pumzi. "Vidole vyake vilikuwa nyuma ya bati. Nilitaka kuvivunja vyote."

Mkewe akageuka. "Na?"

"Nikaiweka chini. Mpaka sasa najiuliza ni mimi niliyeiweka, au nani."

Mkewe alimsogelea tu mpaka bega likagusa bega. Na kule wodini yule bibi kiziwi alikuwa anawasumbua manesi, mwanawe yule kaenda wapi, arudishwe, maana alikuwa bado hajamaliza kumsamehe.