Doa Juu ya Jembe

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na sijawahi kuona haya kulisema. Nyumba ninayokaa hapa Busia niliijenga kwa miguu yangu, miaka mingi ya kuvusha watu na magunia mpakani kwa baiskeli. Kwa hiyo watu wakinikuta mzee mzima nimeinamia kikaratasi kisichozidi karata moja, nachora, wakacheka, nawaacha wacheke.

Kadi zangu nakata kutoka kwenye ile karatasi ngumu inayokaa ndani ya shati jipya. Kuna mama mwenye duka la mashati upande wa Kenya, ananiwekea. Napima kwa karata kuukuu, nakata kwa wembe, halafu nachovya kalamu kwenye wino mweusi. Penseli sitaki. Ukishika penseli umeshajiruhusu kukosea. Nachora vitu vya hapa: foleni ya malori, mama anayepeta mtama huko Buteba, kuku aliyefungwa miguu kwenye baiskeli. Kuku mzima, na kamba yake, kwenye nafasi ya kidole gumba! Mstari ukipita pale ulipotaka upite, mwembamba kama unywele, kifua kinajaa. Hata siku niliyomaliza kuezeka nyumba sikufurahi hivyo.

Kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, natia alama yangu: kijembe. Herufi hunisumbua. Jembe halinisumbui. Kisha nainua kadi, nafumba jicho la kushoto, naikagua kwa la kulia peke yake. Ni mazoea ya kunyoosha ringi za baiskeli. Ringi iliyopinda huioni kwa macho mawili.

Kadi haziuzwi. Hilo tulikubaliana mimi na fundi saa mmoja wa Tororo, mtu pekee ninayemjua mwenye ugonjwa huu kama mimi. Ni kadi kwa kadi. Mimi nampa kuku, yeye ananipa matumbo ya saa, maana kitu kingine hajui kuchora. Kila mwezi nakwenda kwake, tunatukanana kidogo, tunabadilishana, narudi.

Msimu wa mvua uliopita nilimaliza kadi, nikatia jembe, nikafumba jicho nikague, nikaona tone la wino juu ya jembe. Dogo, la kijivu. Nikajilaani, maana mimi siangushi wino. Dawa ya tone naijua: unangoja likauke, unakwangua kwa ncha ya wembe, polepole, unatoa ngozi ya juu tu ya karatasi. Nikakwangua. Lipo. Nikakwangua tena, mpaka nikajiambia limefifia.

Kadi iliyofuata, tone pale pale. Nikailaumu nibu, ile ncha ya kalamu, nikanunua mpya. Nikaulaumu wino, nikamwaga chupa nzima kwenye migomba, mke wangu akauliza kama ndizi nazo siku hizi zinaandika barua. Nikamjibu vibaya. Nikahamishia meza barazani, tone likanifuata barazani. Sikumwambia mtu. Mtu aliyejijenga mwenyewe akianza kuuliza wenzake habari za madoa, kesho yake wanamshika mkono kumvusha barabara.

Nilipokwenda Tororo, fundi saa alizipanga kadi zangu sita za mwisho juu ya kioo chake, mstari mmoja. Akazitazama kwa muda.

"Wewe mzee, hili jembe lako lina adui?" akasema. "Kila kadi umeichimba hapo juu yake. Hii umeitoboa kabisa."

Akaiinua kwenye mwanga, na kweli, mwanga ukapita kama ncha ya sindano. Nikamwambia wino wa siku hizi ni maji machafu. Nilitegemea anicheke. Akavaa lenzi yake, akazipitia moja moja, tena kutoka mwanzo.

"Hapa hapakuwa na wino. Karatasi hunywa wino, hata ukikwangua kivuli hubaki. Hapa ni pasafi."

Akanitoa nje, mahali ule mwamba mkubwa wa mji unapoonekana wote. Akaniambia nifumbe jicho ninalolifumba siku zote, nitazame kilele. Mwamba wa Tororo nimeuona tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Nikautazama. Kilele hakikuwepo.

"Kuna mtu anachoma takataka huko juu," nikasema. "Moshi umefunika."

"Hakuna moshi, ndugu yangu," akasema, taratibu.

Alifunga kibanda akanipeleka mwenyewe kwa daktari wa macho, binti mdogo ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu. Akaniambia jicho la kulia limeharibika kwa nyuma, kilichokwenda hakirudi. La kushoto ni zima, lakini ugonjwa huu hupenda kuhamia la pili. Siku nitakayoona doa kwa jicho hilo, nije siku hiyo hiyo, nisilale nalo.

Mke wangu nilimwambia nimepewa dawa ya vumbi lililoingia machoni.

Nikajifunza kuchora na kukagua kwa la kushoto. Kwa jicho moja chupa ya wino haikai pale unapoiona. Nilichovya meza mara nyingi. Lakini mkono ulishika, nikachora kwa haraka ambayo sikuwahi kuwa nayo, kama mtu anayeanua nguo na mvua imeshanguruma.

Leo asubuhi nimemaliza foleni ya malori. Nikatia jembe, nikafumba la kulia, nikatazama. Doa. Mkono ukaenda wenyewe kwenye wembe. Nikauweka chini. Nikagusa kwa kidole: pakavu. Lakini wino nao hukauka.

Nikamwita mke wangu, ambaye sijawahi kumwita kwenye meza hiyo. Nikampa kadi, nikamuuliza kama hilo doa juu ya jembe ni la wino. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku.

"Doa lipi, mzee?"

Akautazama wembe, akanitazama mimi, akaniuliza tangu lini. Nikamwambia yote, la kulia na la kushoto, na maneno ya daktari. Hakupiga kelele. Akaanza kutafuta viatu vyake.

Nikamwambia tutakwenda, ila kwanza akae hapo kwenye ngazi. Nimechora kuku wa watu wote wa mpaka huu, yeye sijamchora.

"Si umesema siku hiyo hiyo?"

"Ni asubuhi bado. Kaa, usisogee."

Akakaa, viatu mkononi. Nikachovya kalamu. Mara ya kwanza niliikosa chupa.