Askari wangu wa waya wa shaba

Wenzangu, leo nimemtia baba matatani kwa kujibu swali vizuri.

Mliokuja kwenye maonyesho ya kushindanisha askari wa kuchezea, ukumbini mwa parokia, mliona nilivyofurahi. Wengine walileta askari wa udongo na wa mbao. Mimi nilileta kikosi kizima cha waya wa shaba.

Baba alisimama kando yangu, shati limefungwa vifungo hadi shingoni.

Akaja mkubwa wake wa kazi, amevaa abakosi, ile suti isiyovaliwa na tai. Akamwinua askari wangu mpiga tarumbeta, akamgeuza kwenye mwanga.

"Muzuri sana. Hii waya unaitoa wapi, mwana?"

Mnanijua. Nikiulizwa, najibu kama niko mbele ya ubao.

"Papa njo aliniletea, ku kazi."

Nilisema kwa sauti. Kwa fahari, hata.

Baba akacheka kidogo. "Ni mabaki tu, patron. Bilikuwa bintu bya kutupa."

"Hata bya kutupa ni bya kampuni. Kesho asubuhi ubirudishe byote ku biro yangu. Pale tutasemezana."

Watu waliokuwa karibu wakahamia meza nyingine, polepole.

Njiani baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sasa tuko mezani, tunawakunjua askari. Mimi nashika ncha, yeye ananyoosha waya kwa koleo. Kila anapoanza mwingine ananiuliza nilimkunjaje magoti, na anasikiliza kweli.

Mama, kutoka jikoni, anauliza kama tulishinda.

Baba ananipa askari mwingine nishike ncha. Ninyi mngemwambia nini?