Visu Bila Ncha vya Papa Paluku

Sisi tuliokua Butembo wakati wa vita tulikuwa na utoto kama wa watu wengine, ila tulilala mapema zaidi. Tuliruka kamba kwenye vumbi, wavulana walipiga mpira wa majani ya migomba, na siku sita za juma tulikula makemba, zile ndizi za kupika, kwa maharagwe. Siku ya saba, baada ya misa, tulikula maharagwe kwa makemba. Hatukulalamika. Watoto wa siku hizi ukiwapa maharagwe mara mbili kwa juma wanakuuliza kama kuna tatizo nyumbani.

Kwenye avenue yetu aliishi Papa Paluku, mfua visu. Alivifua kwa resoti za kamyo, zile springi za malori yaliyokufa kwenye barabara ya Beni, na barabara hiyo haikumnyima resoti hata mwaka mmoja. Kisu chake hukukichukua tu ukaondoka. Kwanza ulikaa kwenye kiti kidogo, akakupima kiganja kwa kamba, kisha akakuuliza huwa unakata nini: "Unakataka nini?" Ukijibu "kila kitu", alikurudisha nyumbani ukafikiri vizuri. Mama muuza nyama alipata chake, aliyekata sombe, majani ya muhogo, alipata chake, na padri mmoja alipata cha kumenyea machungwa, kwa sababu alijibu ukweli.

Nilipofika miaka tisa mama alinipeleka kwake. Aliona haya kidogo. Mwalimu alikuwa akinipiga rula kwenye mkono wa kushoto, na bibi alikuwa ameshasema kwamba hakuna mwanaume atakayekula viazi vilivyomenywa na mkono ule. Papa Paluku alinipa kiazi na kisu kikuukuu, akanitazama nikimenya.

"Mutoto ni wa kushoto," alisema.

"Tunamukatazaka, Papa," mama alijibu haraka.

"Juu ya nini? Mukono haina kosa. Kisu ndiyo iko na kosa."

Baada ya majuma mawili nilipata kisu kilichonolewa upande wa pili, chenye mpini wa mti wa avoka. Kabla ya Papa Paluku kuupima, hakuna mtu mzima aliyewahi kuushika mkono ule bila kuupiga. Nilimenya viazi vyote vya nyumbani, pamoja na vile vya mbegu. Nilichapwa kwa ajili hiyo, lakini angalau ilikuwa kwa sababu nyingine.

Kisha wakaja askari wengine. Miaka ile askari walibadilika mara nyingi, na sisi watoto tuliwatofautisha kwa viatu. Hawa walivaa buti za mpira. Komanda wao alitoa amri: kila kisu chenye ncha ni silaha, kipelekwe kwenye bureau, ofisi ya mtaa, na atakayekutwa nacho ni adui. Wanawake walipanga mstari na visu vyao ndani ya vikapu. Nami nilipeleka changu, mama akinishika bega. Siku mbili avenue nzima ilikula viazi na maganda yake.

Siku ya tatu Papa Paluku alivaa koti lake la misa akaenda kwa komanda. Alimwambia angeweza kukata ncha za visu vyote, kisha virudi jikoni. Komanda alikubali kwa sharti moja: baada ya hapo awafulie askari wake visu vya vita. Papa Paluku akasema ni sawa, mais, yaani lakini, lazima apime mkono wa kila mtu.

Alikata ncha siku nne. Alipofikia kisu changu nililia.

"Hapana lia," aliniambia. "Kiazi ulikuwa unaimenya na ncha?"

Nilifikiri. Haikuwa hivyo.

"Donc? Basi?" akasema, akaendelea kusugua na tupa mpaka ncha ikawa mviringo kama ukucha.

Kisha wakampeleka kambini kwao, upande wa Rughenda. Mambo ya kule tuliyasikia kwa mke wake, Mama Katungu, aliyempelekea bugali kila mchana. Askari walipita mmoja mmoja kwenye kiti. "Unakataka nini?" aliwauliza. Wa kwanza alisema anakata adui. Papa Paluku alimpima kiganja kwa kamba.

"Jana ulikata nini?"

Askari akafikiri, akasema nanasi. Wa pili alikata mikebe ya sardini. Wa tatu, ambaye hajaota ndevu, alisema hajui, kwao aliyekata vitu alikuwa mama yake. Huyo alifuliwa kisu kidogo cha mkate.

Komanda alipokuja kuona silaha zake, alikuta visu vya jikoni vimepangwa kwenye turubai, hakuna hata kimoja chenye ncha.

"Oyo nini?" aliuliza kwa Kilingala, hii ni nini.

"Ni vile baliomba, Komanda. Na ncha ulishakataza."

Walimpiga. Alipoteza meno mawili, na sikio moja halikusikia tena. Wangemchukua pia, lakini usiku huohuo kikosi kiliamriwa kwenda Mavivi, na kwenye kamyo hapakuwa na nafasi. Mama Katungu aliwaona wakipita asubuhi. Kila askari alikuwa na kisu chake mkandani.

Avenue nzima tulimpelekea supu. Mama alimuuliza kama aliogopa.

"Niliogopa sana," alisema. "Mais mikono ilikuwa imeisha kupimwa."

Hakurudisha ncha tena, hata baada ya amri ile kukosa mwenyewe. Alisema macho yake yamezoea. Vijana aliowafundisha kufua visu walifungua kazi zao mpaka Beni, nao wakafundisha wengine. Mwaka jana nilimkuta kijana akiuza visu kando ya barabara pale Mbau, vyote mviringo mbele. Nilimuuliza kwa nini havina ncha.

"Ni design, mama," alinijibu kwa huruma. "Batu ya zamani hamuwezi kuelewa."

Alivipiga picha kwa simu visu nilivyochagua kabla ya kuvifunga kwenye gazeti. Nilinunua vitatu.

Papa Paluku alikufa kitandani kwake, jambo ambalo kwa mtu wa rika lake, kwetu, ni mafanikio. Siku hizi, upande wa Beni, ambako wauaji wanaingia vijijini usiku na visu, ukitaja neno kisu watu wanaangalia mlango kwanza. Watoto wangu wamelikuta neno hilo likiwa hivyo. Ninapowaambia kwamba sisi lilitutia njaa tu, tukasikia harufu ya sombe na mawese na mama akituita tunawe mikono, wanafikiri ninawatania.