Mimba ya Miezi Kumi na Mitatu

Aikande, mjane wa kaka yangu, amelima kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, kule juu Masama kwa miaka thelathini, akikamua ng'ombe wawili na kushusha ndizi sokoni Kiboriloni. Ulimi wake ni mkali kuliko mundu anaokatia majani. Alipofikisha miaka hamsini na mmoja tumbo lake lilianza kukua, na kijiji kizima kikahitimu udaktari wa wanawake pasipo kukaa darasani hata siku moja.

Bingwa wao alikuwa Eliezeri, mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Alimwendea nyumbani, akakataa chai kwa uzito wa jambo, akauliza, "Mama, mwenye mzigo huu ni nani?"

"Hakuna mtu, mzee. Naumwa. Kila saa nakwenda chooni, na nyonga zinavuta."

"Ndivyo wajawazito wanavyosema."

"Hedhi yangu ilikoma miaka miwili iliyopita."

"Sara alikuwa na miaka tisini."

"Sara alikuwa na mume, mzee."

Eliezeri akajibu kwamba hilo ndilo hasa lililomleta. Wiki mbili baadaye Aikande alitengwa: neno alisikilize, meza ya Bwana asiikaribie.

Na mimi? Nina shahada ya chuo kikuu na gari. Kwa desturi yetu mjane huangaliwa na ndugu wa marehemu, kwa hiyo macho yaliyokuwa yakitazama tumbo lake yalihamia kwangu. Nikaacha kupita kihambani. Nilijiambia kwamba kumpeleka hospitali kungekuwa sawa na kutia sahihi kwamba mzigo ni wangu. Hata leo sina hakika kama sikumwamini, au niliogopa tu kwamba nikimwamini ningelazimika kufanya jambo. Nilihesabu miezi pamoja na wengine. Mwezi wa kumi, wanywaji wa mbege walisema ni mimba ya punda. Mwezi wa kumi na mbili, Margareta, mke wa Eliezeri, aliapa kwamba amemwona mtoto akicheza. Mwezi wa kumi na tatu Aikande alisimama mlangoni kwangu, mikono imekonda, tumbo limemtangulia.

"Shemeji, kama ni wako, twende ukamwone. Kama si wako, twende ukasafishe jina lako. Vyovyote iwavyo, washa gari."

Mke wangu, Victoria, alinirushia funguo kabla sijafungua kinywa.

Hospitalini mjini Moshi, daktari aliyelingana na binti yangu kwa umri alipima mkojo: hakuna mimba. Kisha akamlaza na kumpiga picha ya altrasaundi.

"Ni uvimbe kwenye ovari, pale mayai ya uzazi yanapotunzwa," alisema. "Una maji, na ndani yake kuna kuta. Kuta hizo sizipendi, hasa kwa mama aliyekoma hedhi. Huenda ni saratani, huenda siyo. Kipimo cha damu kitatusaidia kukisia. Uhakika tutaupata tukiutoa uvimbe na kuupeleka maabara. Mlikuwa wapi miezi yote hii?"

"Walikuwa wananisubiri nijifungue," Aikande akamjibu.

Waliutoa; ulikuwa na kilo saba. Majibu yalichukua wiki tatu. Nilisoma kila nilichopata kuhusu ovari, nikijua fika kwamba mwaka mzima uliopita safari moja ya gari ingefaa kuliko vitabu hivyo vyote.

Haikuwa saratani. Daktari hakutuacha tufurahi haraka. "Ungekuwa ule wa aina nyingine," alisema akinitazama mimi, "miezi kumi na mitatu ingetosha kabisa."

Siku ya tatu baada ya majibu, Eliezeri alitukuta kihambani, mimi na Aikande, akiwa na daftari lake la usharika, uso umejaa rehema. "Sasa tukurudishe kundini, mama. Utasimama mbele ya usharika, utatubu."

"Nitubu uvimbe?"

"Daftari lina safu ya waliotubu tu. Safu ya waliotengwa kimakosa haipo."

Aikande aliweka mkono juu ya mshono. "Basi andika. Nimetubu kumsubiri shemeji mwaka mzima badala ya kupanda basi."

Eliezeri alinigeukia, kalamu hewani, akitumaini kwamba msomi atamwokoa.

"Andika, mzee," nikamwambia. "Na jina langu uliandike kwa ukamilifu."

Hakuandika.