Mlango wa Saumu haukuwa wa kupigia picha

Mpaka leo akili yangu imekataa. Saumu wetu hayupo. Innalillahi wa inna ilaihi rajiun.

Tulimzika kijijini kwao, Munje. Niliporudi nyumbani nikafungua simu nipate faraja, nikapata hasira, na Mola anisamehe, bado haijashuka.

Kwa msiomjua: Saumu alikuwa rafiki yangu tangu utoto. Mimi shule niliishia njiani, nafanya udobi kwenye hoteli hapa Diani. Yeye alisoma, akarudi, akapewa ofisi ya career chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kumwandaa mwanafunzi kwa ajira kabla hajamaliza masomo. Bure, na mlango wazi tangu asubuhi.

Sasa nyote mmemweka kwenye status. "Mentor wetu." "Pengo lisilozibika."

Mentor wa nani? Wengi wenu mliupita mlango ule mkienda kantini, na mkiulizwa mnasema ile ni ofisi ya waliokosa mtu wa kuwashika mkono.

Siku moja nilimpelekea samaki wa kupaka, nikamkuta peke yake, viti vyote vitupu. Nikamuuliza, "Saumu, leo sikukuu?"

Akacheka. "Shoga, hawa watakuja wiki ya mahafali. Wanakuja kama mtu anayemwita daktari na maiti ishaoshwa."

Na ndivyo mlivyokuwa mkimjia. "Madam, niandikie CV, inatakiwa kesho." Hata shikamoo hakuna.

Na CV alikuwa hamwandikii mtu. Alikuwa anakukalisha, anakuuliza, "Ramadhani ulifanya nini?" Ukisema hukufanya kitu, anauliza ni nani aliyepanga futari ya msikitini kwenu. Ukisema ni wewe, anakwambia, "Basi hiyo ni kazi. Iandike."

Kuna kijana alitaka uhasibu wa hoteli, na sababu yake kubwa ilikuwa kiyoyozi. Saumu akamtuma kwenye hoteli moja huko Chale. "Usiende kuomba kazi. Nenda ukaulize kazi ikoje." Kijana akarudi akasema uhasibu haumfai. Saumu alifurahi kana kwamba mtu ameajiriwa. "Huyu amejua mapema," akaniambia. "Wenzake watajua wakiwa na watoto watatu."

Binti yangu Mwanaidi nilimpeleka mwenyewe, mwaka wa pili, amenuna njia nzima. Alikuwa amenyimwa attachment, yale mafunzo ya kazini, hotelini na hajui kosa lake. Saumu akajifanya yeye ndiye panel ya usaili.

"Kijerumani unajua?"

"Kidogo tu, mama mdogo."

"Umeanza kukisoma lini?"

"Tangu sekondari."

"Na hicho ndicho kidogo?"

"Nikisema najua wataniona ninajigamba."

"Haya. Kazi utaiweza?"

"Inshallah."

Saumu akaweka kalamu chini. "Sikiliza, mwanangu. Sisi tumelelewa tusijisifu, na ni malezi mema. Lakini yule wa panel hakulelewa huku kwetu Msambweni. Ukisema inshallah, yeye anasikia labda. Usiiache, ni haki ya Mola wako. Ila itangulizie ndiyo. Na ulichokifanya kiseme, maana ushahidi haufichwi, hata ukiwa ni wa nafsi yako."

Walirudia maswali hayo mpaka chai ikapoa. Leo Mwanaidi anapokea wageni mapokezini, na Kijerumani anakizungumza bila kuomba radhi.

Sasa nisikilizeni kilichonifanya niandike haya.

Juzi nilikwenda chuoni kuchukua mswala na kikombe cha marehemu. Nikaona kundi la wanafunzi mlangoni kwake. Moyo wangu ukatulia, nikadhani wamekuja kuingia. Kumbe wameweka maua, wanapiga picha.

Msichana mmoja akaniambia, "Shikamoo mama. Samahani, sogea kidogo, umeingia kwenye picha."

"Marahaba. Uko mwaka wa ngapi?"

"Wa pili."

"Humu umewahi kuingia?"

Akawaangalia wenzake. "Hapana, lakini nilikuwa nikimfollow mtandaoni."

Ndani alikuwemo Kazungu, msaidizi wa Saumu, peke yake. Aliponiona aliinuka haraka, maskini, akidhani amepata mwanafunzi. Akaniambia wakubwa wamesema wasipoona wanafunzi wakiingia, mwisho wa muhula huu chumba kitafanywa stoo.

Nje wanamlilia Saumu. Ndani kazi yake inakata roho. Katikati ni ubao wa mlango tu.

Nilitoka. Sikupaza sauti, nilikuwa nimeshika mswala wa marehemu. Nikamwambia yule msichana, "Picha umepata. Sasa ingia."

"Mama, mimi bado. Mambo ya kazi ni mpaka fourth year."

"Ndiyo maana uingie leo."

"Nitasema nimefuata nini?"

"Sema hujui unataka kazi gani. Huyo aliyeko ndani ameajiriwa kwa ajili hiyo."

Wenzake wakaanza kumcheka. "Leo umepatikana."

"Nyamazeni, na nyinyi zamu yenu inakuja," akawajibu, akaingia.

Kwa hivyo mlioko vyuoni, nasema nanyi kama mama. Mkitaka kumlilia Saumu, futeni hizo picha mkabishe hodi. Nendeni mwaka wa kwanza, mkiwa hamjui lolote. Nendeni tena mkikataliwa mahali. Mnalipiwa karo na wazazi wanaouza mihogo na kuku, na chumba kile kimo ndani ya karo hiyo. Kisha mnasema Pwani hatupewi kazi.

Saumu, ndugu yangu. Nilibaki nje mpaka nikamsikia Kazungu akimuuliza yule msichana ni jambo gani akilifanya husahau njaa. Msichana akaanza kueleza. Ni mmoja tu, na mmoja haokoi chumba.

Mola akusamehe, alipanue kaburi lako, alitie nuru. Wewe lala salama, umechoka. Mimi Jumatatu nikitoka kazini nitakuwa mlangoni kwako, na atakayekuja na simu ya kupiga picha nitampitisha ndani.