Kashata Kwenye Pindo la Khanga

Bi Mwanabaraka alipika kashata na visheti pale Temeke tangu mie sijahamia, na miaka yote niliyomfahamu hakuruhusiwa kuonja alichokipika. Kisukari kilimpata mwaka hamsini na mbili. Alikonda, akawa anamaliza mtungi wa maji kutwa nzima na bado ana kiu. Hospitali ya serikali ikampa insulini, na dresa wa zahanati yetu, bwana mmoja mpole aitwaye Gaudens, akamfundisha kujichoma mwenyewe pajani. Kichupa cha dawa alikifukia kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi. Hapo ndipo palipokuwa na baridi kuliko pote nyumbani, kwani barafu ilikuwa ya Wazungu.

Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati na jiko uani. Mie nilipanga chumba cha mbele na nilitengeneza baiskeli barazani. Tulikuwa Wazaramo, Wahaya, Wanyakyusa na wengine, na hakuna aliyefunga mlango mchana. Aliyefunga mlango mchana aliulizwa anaumwa nini.

Gaudens alituita sote akasema, "Sukari ni sumu kwa mama huyu. Mkimpenda, msimwonjeshe." Maneno yake tuliyashika kama amana ya marehemu. Masoud, Mwarabu mwenye duka la pembeni, alimwuzia sukari ya biashara, kisha akasimama kizingitini kumsindikiza kwa macho mpaka aingie ndani.

"Bi Mwanabaraka, nakuona!"

"Macho yakupofuke, Masoud! Nitalamba kidole cha nani?"

"Chako mwenyewe. Ndicho ninachokiogopa."

Kazi ya kuonja ilimwangukia Atuganile, mke wa mwalimu kutoka Tukuyu, aliyekaa chumba cha mkabala. Kila asubuhi aliketi kwenye kibao cha mbuzi karibu na sufuria ya shira ya sukari, akinyoosha kiganja.

"Imekolea?"

"Bado kidogo."

"Bado nini? Mla ndizi wewe, unajua nini habari za shira?"

"Haya, onja mwenyewe basi."

Hapo Bi Mwanabaraka alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba Gaudens alikuwa amemwambia neno la pili, faraghani. Sindano ikishaingia, chakula kifuate upesi. Kikichelewa, sukari ya damu itashuka mno. Atatoka jasho, atatetemeka, atasema asiyoyajua, na asipopata kitu kitamu papo hapo anaweza kufa. Kwa hiyo kila siku alifunga kipande cha kashata kwenye pindo la khanga yake. Hakumwambia mtu, maana nani angemwamini? Mgonjwa wa sukari anayetembea na sukari nguoni angeonekana mwizi wa roho yake mwenyewe.

Mie shule niliishia darasa la nne, lakini vitabu sikuviacha, na miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kilichokuwa kikipita ndani ya kifua chake. Msuli wa moyo una ghala lake la wanga, yaani sukari iliyofungwa pamoja kama nafaka kwenye kanda. Ghala hilo lina vimeng'enya vya aina mbili vinavyolishughulikia, kimoja kinafunga na kingine kinafungua. Vyenyewe havijiamulii. Vinangoja amri ya homoni. Insulini ikifika, inaamsha kile cha kufunga, na moyo unavuta sukari kutoka kwenye damu na kuiweka akiba. Damu ikikaukiwa sukari, mwili unapiga yowe kwa homoni nyingine, adrenalini. Hiyo inakilaza cha kufunga na kukiamsha cha kufungua, nao moyo unakula akiba yake na kwenda mbio. Ini nalo lina ghala, na ini hugawia damu. Moyo haugawii. Akiba yake ni yake peke yake, hata kama ubongo unazimika kwa njaa kule juu.

Siku ya harusi ya Jaffar, mtoto wa Masoud, wanawake wa mtaa mzima walikuwa uani kwetu tangu alfajiri. Bi Mwanabaraka ndiye aliyekuwa mkubwa wa jiko. Alijichoma sindano yake kama kawaida. Lakini ilikuwepo desturi, na desturi siku zile ilikuwa kitu cha kuheshimiwa: mpishi wa harusi hatii tonge kinywani mpaka sinia la kwanza litoke kwenda kwa wazee. Wazee walikuwa wakimngoja bwana harusi, na bwana harusi alikuwa akimngoja shehe. Jua likapanda. Sinia halikutoka.

Nilikuwa naziba tairi barazani niliposikia matusi kutoka uani. Sauti ilikuwa ya Bi Mwanabaraka, na matusi yenyewe yalikuwa ya bandarini. Nikakimbilia mlango wa uani nikasimama hapo hapo, kwani mwanamume hakuingia jikoni kwa wanawake. Bi Mwanabaraka amekaa chini, khanga imelowa jasho kama aliyenyeshewa, mikono inahangaika na pindo. Fundo likafunguka. Kashata ikaonekana.

Samiha, mke wa Masoud, akaipokonya. "Ala! Kumbe ndiyo kazi yako, Bi Mwanabaraka! Sisi tunakulinda, wewe unajiua kwa siri!"

Wanawake wakalia kwa masikitiko. Mmoja akamshika mikono, mwingine akamwagia maji kichwani. Kila mmoja wao alimpenda mama yule, na kila mmoja alikuwa anamuua.

Atuganile akasimama kutoka kwenye kibao chake cha mbuzi. "Mpe."

"Nini?"

"Mpe kashata yake. Huyu hajatukana mtu tangu nimfahamu. Siku moja nilimkuta hivi hivi, jasho na mikono inatetemeka, analamba mwiko wa shira. Nikadhani ni uroho, nikanyamaza nisimwaibishe. Lakini alipolamba alipona, Samiha. Nilimwona anapona."

"Dresa alisema sumu!"

"Nilimsikia."

"Akifa je? Wewe mgeni wa bara, umlishe sumu mwanamke wa watu kwenye harusi ya mwanangu? Damu yake itakuwa shingoni kwako."

"Iwe," Atuganile akasema.

Hakuingoja kashata. Akachota shira kwenye sufuria, akaipoza kwa kuimimina kutoka kikombe kimoja hadi kingine, akapiga magoti na kumnywesha kidogo kidogo, mkono mmoja nyuma ya shingo yake. Kuni zikalia motoni.

Jasho lilikatika kwanza. Kisha macho yakatulia, yakamtazama aliyeshika kikombe.

"Imezidi hiliki," Bi Mwanabaraka akasema.

Samiha ndiye aliyeanza kulia, akamkumbatia Atuganile pamoja na kikombe chake. Kisha akapakua sahani ya wali, akaiweka mbele ya mgonjwa, wazee wakiwa bado hawajapata chao. Wazee walipoambiwa sababu, hakuna aliyenung'unika.

Tangu siku hiyo kila mwanamke wa nyumba ile alifunga kipande cha kashata kwenye pindo lake. Naye Masoud alibadilisha salamu yake ya kizingitini. Hakusema tena "nakuona." Alipaza sauti mtaa mzima usikie: "Bi Mwanabaraka, umekula?" Naye alijibu, "Nimekula, baba, nimekula, niache!" Aliishi hivyo mpaka baada ya uhuru, akafa kwa homa ya mapafu, mikono ya Atuganile ikimshika.

Mie sasa nakaa Chanika, nyumba yenye ukuta na geti la chuma. Wanangu waliijenga kwa nia njema. Jirani wa kulia simjui jina, wa kushoto namjua kwa gari lake. Kila mtu ameshiba ndani kwake, akiba yake ni yake peke yake. Kisukari kimenipata na mie. Kila asubuhi najichoma, naweka vipande vya sukari guru kwenye mfuko wa shati, kisha natoka na kusimama nje ya geti. Watu wanapita na simu masikioni. Baadhi yao, waliolelewa vizuri, wanasema shikamoo, nami naitikia marahaba na kungoja kidogo, labda wataongeza neno. Hawaongezi. Basi narudi ndani, nakula uji wangu.